Wavu wa Mwalimu Bonifasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa chomboni kabla sijagusa kamba. Nilikuwa nimevaa ndala zenye tope la Magomeni, nikapanda nazo kwenye sitaha nyeupe kama sahani ya sikukuu. Fundi Anselmo akanionyesha ngazi kwa kidevu. Nikashuka, nikavua, nikapanda tena. Nyinyi mnaobaki karakanani mmekikuta kibao kinachosema "Viatu Chini" na labda mmedhani kimewekwa kwa ajili ya wageni. Kibao kile kiliwekwa kwa ajili yangu.

Mmeniomba niandike kabla sijasahau, na kusema kweli nimeshaanza kusahau. Nikikaa barazani asubuhi, siku zote za kazi zinanijia kama siku moja ndefu yenye jua, maji yanang'aa chini yangu na uzi unapita kwenye vidole. Ya vyeo sina la kusema: nilianza fundi wa nyavu, nikamaliza fundi wa nyavu. Ya mshahara mnayajua, maana ni huo huo.

Ukimwambia mtu kwamba wewe ni fundi wa nyavu Mikindani, atakuuliza bei ya samaki changu. Ilibidi kila mara nieleze. Kuna watu wanaozunguka dunia kwa vyombo vya tanga, wengine na watoto wao, na humo humo ndimo wanamopika, wanamolala na wanamofua. Ukingoni mwa sitaha huwa na vinguzo vya chuma, na kati ya kinguzo na kinguzo zimepita waya mbili, moja usawa wa goti, nyingine usawa wa paja. Kati ya waya na waya pako wazi. Mtu mzima haoni ubaya wowote pale. Lakini mtoto anapita, mbwa anapita, kifuniko cha sufuria kinapita. Kazi yetu ni kuziba uwazi ule kwa wavu, kutoka omo mbele hadi tezi nyuma, pande zote mbili, ili chombo kiwe kama kitanda cha mtoto chenye kizuizi.

Mimi ni mtu wa Mpapura, kwenye mikorosho, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya kisima. Baba yangu alifuma nyavu za kutegea sungura na paa, na mimi nilimsaidia kwa sababu nilipenda kukaa kimya. Nilipoolewa Magomeni, nyumba yetu ilipakana na uwanja wa shule. Magoli hayakuwa na nyavu. Kila bao lilipofungwa, mpira uliishia uani kwangu, juu ya makopa ya muhogo niliyoyaanika. Nilivumilia msimu mmoja. Wa pili nikatafuta uzi wa nailoni, nikafuma nyavu mbili za magoli, nikaenda kuzifunga mwenyewe. Watu walidhani napenda mpira.

Wiki chache baadaye, wakati wa mechi, mzee mmoja mwembamba alionekana amesimama nyuma ya goli, ameupa mchezo mgongo, anavuta wavu kwa kidole jicho baada ya jicho. Aliuliza nani kaufuma. Wakamwonyesha mlango wangu. Alipofika hakuketi.

"Fundo lako halitelezi," alisema. "Nani kakufundisha?"

Nikamwambia baba yangu. Akauliza baba yangu anatega nini. Nikamwambia sungura. Akafikiri kidogo, kisha akasema watoto wa wasafiri nao ni kama sungura, njoo Mikindani Jumatatu.

Huyo ndiye Fundi Anselmo. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka kuja huku akiwa kijana, miaka ya vita, akafanya kazi za kamba melini mpaka akawa hana fundo asilolijua. Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kimakonde. Alisema "ntoto" na "nkono", na kwa kuwa nyumbani kwetu ndivyo tunavyosema, nilimwelewa kuliko wengine pale karakanani, hata pale ambapo hakusema kitu.

Wiki ya kwanza sikufunga fundo hata moja. Alinitaka nitambae. Nitambae kwa mikono na magoti kuzunguka sitaha nzima, kama mtoto anayejifunza, halafu nimweleze kila mahali ambapo ningeweza kupenya nikaangukia baharini. Nilikuwa mama wa Shaibu na wadogo zake wawili, nimevaa suruali ndani ya gauni, na wanaume waliokuwa gatini waliacha kazi zao kutazama. Nilitambaa. Nikamtajia mahali tisa. Akavua kofia, akatambaa mwenyewe, na umri ule, akanionyesha mahali pengine panne.

"Macho yanakudanganya," alisema. "Wavu unapimwa kwa magoti."

Vifaa vyake vilienea ndani ya kopo moja la maziwa ya unga. Kulikuwa na sindano mbili za mbao za kupitishia uzi, kisu, kiberiti cha kuunguzia ncha za uzi zisifumuke, chaki, na kipande cha mpingo chenye upana wa vidole vitatu. Kila jicho la wavu alilizungushia kipande kile kabla ya kukaza fundo, na ndiyo maana macho ya wavu wake yalilingana kama punje za tasbihi. Mtoto wa mwaka mmoja hapitishi kichwa kwenye jicho la vidole vitatu. Anapitisha mkono tu, kutupa vijiko. Vijiko hatukuwahi kuvipatia dawa.

Alinifundisha kwamba adui wa kwanza wa wavu ni jua. Jua la kwetu linakula nailoni kimyakimya. Wavu unaweza kuonekana mpya na kumbe umeoza. Ukwaruze kwa ukucha. Ukiona unga mweupe, kata, hata kama mwenye chombo ananuna. Alinifundisha pia namna ya kufunga mguu wa wavu, yaani upande wa chini unaoshikana na sitaha. Ipo njia ya haraka, unapitisha kamba moja ndefu kwenye macho yote, na mchana mmoja umemaliza. Yeye aliikataa. Alitaka kila jicho la chini lifungwe peke yake, kwa kamba yake na fundo lake. Hiyo ni kazi ya siku nne. Nilipouliza sababu, alifunga vipande viwili vya wavu kwenye ubao, kimoja kwa njia ya haraka na kimoja kwa njia yake, akanipa kisu nikate kila kimoja mahali pamoja, kisha akavuta. Kile cha haraka kilifumuka chote kama mshono wa gunia. Kile cha pili kilipungua fundo moja, basi.

Nilizoea. Baada ya mwezi nilianza kuona macho ya wavu kila mahali, kwenye wali, kwenye ukuta uliopasuka, mawinguni. Chombo kikiwa kimetia nanga, hakikai kimetazama upande mmoja. Maji yanakigeuza polepole. Nilikuwa nimeketi mahali pamoja, nashona, na mji mzima ukanizunguka. Mara mbele yangu kuna minara na mabati ya Mikindani, nikikaza mafundo kumi na kuinua kichwa naona mikoko, nikikaza mengine naona mlango wa ghuba na bahari nyeupe nje yake. Mchana mwingine kulikuwa na utulivu kiasi kwamba sikujua kama ni mimi ninayegeuka au ni dunia. Fundi Anselmo alikuwa upande wa pili wa sitaha, ananipa mgongo. Tulikuwa tunaweza kukaa hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila neno, kisha akasema "nkono", na mimi nikajua anataka nimshikie uzi.

Katika kesi ngumu nitaitaja moja ya mbwa, kwa sababu ilinifunza adabu. Familia moja ilikuwa na mbwa mdogo mwenye masikio makubwa. Niliufunga wavu vizuri, nikaukagua kwa magoti, nikaridhika. Mbwa akatoka chumbani, akanusa wavu kutoka omo hadi tezi kama mkaguzi wa elimu, akafika kwenye bomba la kutolea maji ya sitaha, akajikunja, akapita, akaanguka majini mbele ya macho yetu sote. Alitolewa salama. Tangu siku hiyo kila chombo chenye mbwa nilimwomba mwenyewe aniazime mbwa wake kwanza.

Miaka ilikwenda. Asubuhi moja Fundi Anselmo alikuja karakanani akiwa amevaa koti, akasema anarudi kwao, ng'ambo, akafie kwenye lugha ya mama yake. Alinipa kile kipande cha mpingo, akakagua wavu niliokuwa nashona, akavuta macho mawili matatu, akaondoka. Nilimtazama mpaka akaishia barabarani. Nilirudi kushona, na kwa muda mrefu nilikosea vipimo.

Sasa niwasimulie ya Mwalimu Bonifasi, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Mwalimu Bonifasi alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay. Alizaliwa ziwani, serikali ikamleta Mtwara kufundisha Jiografia, na alipostaafu hakurudi. Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa muuguzi, mwanamke mpana, mkimya, mwenye macho ya mtu aliyezoea kusoma vipimajoto. Mwalimu alinunua chombo cha tanga kilichoachwa Mikindani na mgeni mmoja kwa miaka, chenye mwani hadi dirishani. Alikikwangua, akakipaka rangi, akakiita Kengele, kwa kuwa, alisema, ndicho kitu pekee cha shuleni alichokikumbuka kwa hamu.

Alikuja karakanani akitembea taratibu, kichwa kimeinama upande. Nilimsalimia shikamoo akaitikia akiwa amelitazama kabati. Ndipo nikajua. Ilikuwa presha ya macho. Alinieleza bila kujionea huruma kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kwamba tundu linazidi kuwa dogo, na daktari hakumficha. Alitaka wavu kuzunguka sitaha yote. Nikamuuliza kama ana wajukuu. Akasema wavu ni wake yeye.

"Maisha yangu yote nimeuchora Ruvuma ubaoni," alisema. "Kila mwaka, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Mdomo wake, pale unapoingia baharini, sijawahi kuuona. Nataka niuone kabla tundu halijafungika."

Niliikubali kazi pale pale. Kesho yake Mama Tumaini akaja peke yake. Aliketi kwenye boksi la misumari, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza habari za korosho za Mpapura. Hatimaye akanieleza alichokuja kukisema. Mumewe alikuwa akijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yao wenyewe. Alishamwagikiwa na chai ya moto. Mtu wa namna hiyo kwenda baharini ni kwenda kufa, na anachokingojea ni wavu tu, bila wavu hathubutu, kwa sababu ni mwoga na siku zote alikuwa mwoga, na yeye alimpenda hivyo hivyo. Na fundi wa nyavu huku kwetu ni mmoja.

"Mkatalie, Mama Shaibu," alisema. "Wewe ukimkatalia, nitabaki naye."

Tangu nianze kazi ile nilijua ninachokifanya: nazuia watu wasianguke. Leo naambiwa kwamba wavu wangu ndio utakaomtoa mtu nyumbani kwenda kuanguka. Nilirudi Magomeni siku ile nikapitiliza nyumba yangu, nikafika mpaka sokoni ndipo nikakumbuka kugeuka. Nilijaribu kuwaza Fundi Anselmo angesema nini, na kila nikimwaza namwona ananipa mgongo, anashona.

Sikukataa na sikuendelea. Nilifunga kipande kimoja tu, upande wa kushoto, kuanzia mlingotini hadi tezi, mguu wake fundo kwa fundo. Kisha nikamwita Mama Tumaini. Hakuwa amewahi kukanyaga Kengele tangu kinunuliwe. Alivua viatu bila kuambiwa, akavipanga ndani ya mtumbwi uliotuleta, kama msikitini, ingawa yeye ni Mkristo.

Nilisimama katikati ya sitaha nikajitupa kwenye wavu kwa bega. Ukanipokea, ukanirudisha. Nikamwambia sasa yeye. Nilidhani ataondoka. Alivua miwani yake, akanipa niishike, akafumba macho, akajiachia kama mtu anayeanguka usingizini.

Wavu ulizama, vinguzo vikalia, ukatulia. Hakuinuka. Alibaki amelala pale, shavu kwenye nyuzi, mikono imeenea. Niliogopa labda ameumia. Nikasogea, nikaona macho yake yamefumbuka, anatazama chini kupitia kwenye macho ya wavu. Maji yalikuwa yametulia, na chini kabisa kulikuwa na majani ya bahari yanayolala na kuinuka, na visamaki vyembamba vinapita katikati yake. Alikaa hivyo mpaka chombo kikageuka na kivuli chetu kikaondoka juu ya maji.

"Kumbe chini kunaonekana," alisema.

Alipoinuka alikuwa na alama za nyuzi shavuni. Alichukua miwani yake, akaifuta kwa kanga.

"Funga," alisema. "Na mimi nitakwenda."

Nilifunga kwa siku tisa. Mwalimu alikuja kila siku, naye ndiye aliyeniomba jambo ambalo sikuwahi kuombwa. Alitaka wavu umwambie yuko wapi. Basi kwenye kamba ya juu ya upande wa kulia, kila baada ya mkono mmoja, niliweka fundo nene la mara mbili. Upande wa kushoto niliacha laini. Mlangoni, pale pa kupandia ngazi, nilishona kipande cha kanga kuukuu. Omo niliweka mafundo matatu yaliyofuatana. Alasiri alitembea kuzunguka sitaha, vidole vinateleza juu ya kamba, anataja: mlango, mlingoti, nguzo ya nne, omo. Alitaja kama anaita mahudhurio, na kila kitu kikawa kama kinamwitikia. Mama Tumaini aliketi karibu na usukani akamenya machungwa.

Nilikuwa nimechoka siku ya tisa. Mafundo ya mwisho, pale kinguzo cha nyuma cha kushoto, yalipita juu ya ukingo wa chuma, na nilijua kwamba chuma na kamba haviishi pamoja. Nilipaswa kuweka kitambaa kati yake. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nikasema mafundo matatu si kitu, nitaweka kesho. Kesho tulikuwa baharini.

Tulitoka alfajiri, watu wanne. Nahodha alikuwa Bakari, mtu wa Msimbati, anayeijua michanga ya huko kama anavyojua uani kwake. Mimi nilikwenda kwa sababu Mama Tumaini alisema fundi aende na kazi yake. Bahari ilikuwa laini, ya rangi ya maziwa, haina mwisho wala mwanzo. Tuliupita mchanga wa Msimbati ukiwa mbali, mstari mweupe tu, na kelele za mji zikatuacha moja moja mpaka ikabaki sauti ya maji ubavuni. Mwalimu aliketi chini ukingoni, usawa wa mlingoti, kidole kimepita kwenye jicho la wavu.

Yeye ndiye aliyejua kwanza kwamba tumefika. Aliinua pua akasema anasikia harufu ya udongo. Kweli, mbele yetu maji yalibadilika, kijani kikaisha ghafla na ng'ambo yake yakaanza maji ya rangi ya chai ya maziwa, na katikati ulikuwapo mstari wa povu, majani na vijiti, unaojikunja kwenda mbali hadi usipoweza kuuona. Upande mmoja mikoko yetu, upande mwingine mikoko ya kwao Fundi Anselmo, na ilikuwa mikoko ile ile. Mama Tumaini alianza kumweleza mumewe. Alimweleza vizuri, polepole, kama anamsomea barua.

Mwalimu alisimama, akafuata kamba kwa vidole upande wa kushoto mpaka karibu na tezi. Akauliza uko wapi huo mstari. Mkewe akasema upo mbele yako. Akainua mkono aonyeshe, kuhakikisha, na mkono ule ndio uliokuwa umeshika. Wimbi la kwenye mchanga wa mdomo likakiinua chombo kwa ubavu.

Hakupiga kelele. Alianguka chali kwanza, kisha akabingirika, akaingia kwenye wavu kwa uzito wake wote, pale pale kwenye kinguzo cha nyuma. Nilisikia mafundo yangu yakikatika: moja, mbili, tatu. Yalikuwa yale matatu. Mguu wake mmoja ukapenya chini mpaka pajani, ukaning'inia nje juu ya maji, kiatu chake cha mpira cha kuzuia kuteleza kikaondoka na mkondo. Fundo la nne halikukatika, wala lililofuata. Wavu ulimshika kiunoni na mabegani, ukayumba naye.

Mama Tumaini alifika kabla yangu, akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Nimekushika," alisema.

"Usinivute," akasema Mwalimu. "Niache kidogo."

Tukadhani amevunjika. Nikapiga magoti kumtazama uso. Alikuwa amejikunja kifudifudi juu ya paja lake, jicho lake liko juu ya pengo nililoliacha mimi, na chini yake, karibu kiasi cha kugusika, ule mstari ulikuwa unapita. Maji ya mto na maji ya bahari yalikuwa yanakutana pale pale chini ya chombo, kahawia na kijani, yanasukumana, yanafunguka kama moshi na kujifunga. Kwa mbali asingeuona, tundu lake lilikuwa limeshakuwa dogo mno kuutafuta. Lakini pale haukuhitaji kutafutwa, ulipita wenyewe mbele ya tundu.

Alitazama. Mkewe alimshika mkanda, hakumvuta. Bakari alikizungusha chombo polepole juu ya mstari ule, akageuka nao, akageuka tena, mpaka aliposema kwa upole kwamba maji yanatoka na mchanga hautungoji. Ndipo tukamtoa. Alikuwa analia, lakini si kwa mguu.

Njiani nilikiri. Niliwaambia yale mafundo matatu yalikatwa na chuma na kwamba nilijua tangu jana. Mwalimu alisema jambo la mzaha ambalo silikumbuki. Mama Tumaini hakusema kitu, na nilihesabu kimya chake kuwa hukumu. Kesho yake alikuja karakanani na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, amekikatakata kwa mkasi wa hospitali vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja kimepasuliwa ubavuni. Akaniuliza kama vinaweza kuvalishwa kwenye chuma. Vile vipande vya mpira mnavyovitumia leo, ambavyo mmoja wenu aliwahi kuniambia vimetoka Ulaya, vimetoka kwenye bustani ya mchicha ya Mama Tumaini.

Baada ya hapo walikwenda baharini mara nyingi. Tundu la Mwalimu lilifungika kabisa kama daktari alivyosema. Hakuacha kwenda. Mama Tumaini alijifunza usukani kwa Bakari, kisha tanga, kisha nanga, na ikafika siku wakawa wanatoka wawili tu. Nikiwa nashona kwenye chombo kingine niliwaona wakipita, yeye amesimama nyuma na miwani yake, mumewe amekaa ubavuni, vidole vimo kwenye wavu. Nilikuwa nikiukagua wavu ule kila mwaka, na mara mbili niliubadilisha uliochomwa na jua, pamoja na mafundo yake ya kulia na kanga yake ya mlangoni.

Mwalimu alifariki nyumbani, mchana, baada ya chakula, kwenye kiti. Nilikwenda msibani. Mama Tumaini alinishika mkono muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Alikuja karakanani mwezi wangu wa mwisho. Aliketi kwenye boksi lile lile, akaniuliza habari za watoto. Kisha akanieleza kwamba anataka wavu wa Kengele utolewe. Nilimpinga. Nilimwambia yeye si kijana, chombo huyumba, mtu akiwa peke yake ndipo wavu unapohitajika zaidi. Nilimpa kila sababu niliyowahi kuwapa wateja.

"Ule ulikuwa wa kwake," alisema. "Mimi naona."

Nilikwenda kuutoa mwenyewe, sikumtuma mtu. Kwa kisu ingekuwa kazi ya nusu saa. Sikutumia kisu. Nilifungua fundo baada ya fundo, kwa ncha ya sindano, nikianzia omo, naye akanifuata nyuma akivua vile vipande vya mpira na kuvitia kwenye kopo. Chombo kiligeuka, mji ukatuzunguka, tukaendelea. Upande wa kulia, kila nilipofika kwenye fundo nene, mkono wangu ulisimama wenyewe. Tulipomaliza tuliushika wavu pembe nne, mimi huku yeye kule, tukaukunja kama shuka, tukasogeleana, tukarudiana, mpaka ukawa mdogo wa kubebeka kifuani. Akaushusha chumbani chini ya kitanda.

Sitaha ikawa wazi. Sikujua kwamba ni pana namna ile.

Akang'oa nanga, akapandisha tanga, tukatoka kwenye mlango wa ghuba. Nje kulikuwa na upepo kidogo na jua la alasiri lililoifunika bahari nzima. Aliufunga usukani kwa kamba, akaenda akaketi ukingoni kabisa, akapitisha miguu yake nje, chini ya waya, pale ambapo kwa miaka yote nilikuwa nimeziba. Akanitazama, akapapasa sitaha pembeni yake.

Miaka yangu yote ya kazi sijawahi kukaa mahali kama pale. Chombo kililala kidogo kwa upepo, na maji yakaja yakagusa nyayo zake, yakaondoka.

Niliogopa. Nikakaa.